Bi Fuko na Meza za Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mpo. Kaeni vizuri. Na wewe mwenye miguu mirefu, kunja magoti, waache wenzako wapite. Utajua kwa nini.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji, na mji ulikuwa na mtaa mmoja mrefu. Katikati ya mtaa walipita wenye mbio, akina Swala na Pundamilia. Vuuu! Vumbi, tifutifu! Kandokando, chini ya ukuta, palikuwa na njia ya miguu. Hiyo ilikuwa ya wasio na mbio. Kobe alipita hapo. Konokono alipita hapo. Na Bi Fuko alipita hapo.

Bi Fuko alikuwa haoni. Lakini njia ile aliijua kuliko wenye macho. Kila asubuhi aliweka mkono mmoja ukutani, kibuyu cha uji begani, papasa, papasa, huku akiimba. Imbeni naye:

*Ukuta, ukuta, nishike mkono,*
*uji una moto, dada anangoja.*

Dada yake alikuwa mgonjwa, huko mwisho wa mtaa. Hakuna chakula kilichompita kooni ila uji, tena uwe wa moto. Ukipoa, anautapika. Basi Bi Fuko alikoroga, akajaza, akaenda. Siku ya kwanza dada alifumbua macho. Siku ya tatu alikaa kitako. Siku ya tano alicheka, na Bi Fuko akarudi nyumbani anatembea kama bibi harusi.

Sasa, palikuwa na Ngiri. Ngiri alikuwa na hoteli katikati ya mtaa. Ndani palikuwa padogo, moshi mtupu. Siku moja akatoa meza moja nje. Wateja wakafurahi, upepo unawapiga, wanatazama wapitao. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Akatoa mabenchi, akatoa miavuli, akatoa mpaka karai la viazi. Nami sitawadanganya, mtaa ulipendeza. Vicheko, harufu ya pilau, chai ya tangawizi! Lakini meza ya mwisho ikasukumwa mpaka ikagusa ukuta.

Asubuhi Bi Fuko akaja. Papasa, papasa, ngo! Goti limekutana na meza.

"Karibu, Bi Fuko!" akasema Nyani, mdomo umejaa maharage.

Mnaijua ada. Anayekula humkaribisha anayepita. Na anayepita, kama amelelewa, hujibu "Starehe," yaani kaeni tu, msijisumbue. Bi Fuko alikuwa amelelewa.

"Starehe," akajibu.

Na kweli, hakuna aliyejisumbua. Nyani hakusogea hata kidole.

Bi Fuko akauacha ukuta, akashuka mtaani. Vuuu! Swala huyo! Bi Fuko chini, puu! Nusu ya uji mavumbini. Nusu iliyobaki ikafika imepoa, na dada akaitapika. Kesho yake hivyohivyo. Kesho kutwa hivyohivyo. Dada akaacha kucheka. Akaacha kukaa. Akalala, akageukia ukutani.

Bi Fuko akaenda kwa Ngiri. "Bwana Ngiri, naomba njia."

"Bi Fuko, mji mzima unakula hapa! Nibomoe raha ya wote kwa ajili yako mmoja? Zunguka kule nyuma ya soko."

Kuzunguka soko ni mpaka jua la utosi. Bi Fuko alilia njia nzima, tena alilia kwa hasira. Alipomaliza kulia akajiambia, "Mimi ndiye ninayewaambia wasijisumbue. Basi nisiwaambie tena."

Akawaita Kobe na Konokono, ambao nao walikuwa wamekosa pa kupita. Akasema, "Kesho tukikaribishwa, tukaribie."

Kulipokucha wakaenda. Papasa, papasa, ngo!

"Karibuni!" akasema Nyani.

"Asante!" wakajibu wote watatu.

Nyani akakodoa macho. Wageni wananawa mikono. Wanakaa. Na nani atamfukuza mgeni aliyemkaribisha kwa mdomo wake mwenyewe? Kobe akala polepole, polepole. Konokono akazunguka ukingo wa sahani, akaacha ute wake. Sahani ikaisha. Wakahamia meza ya pili. "Karibuni..." "Asante!" Meza ya tatu. "Karibuni..." "Asante!"

"Ngiri!" wakapiga kelele wateja. "Chakula kimeliwa chote, nasi hatujashiba!"

Ngiri akatoka, mwiko mkononi. "Bi Fuko, unataka nini kwangu?"

Bi Fuko hakugombana. Akampa kibuyu. "Kishike."

"Kimepoa."

"Kilitoka kwangu kina moto. Dada yangu anakufa, Bwana Ngiri, na mimi nimekwama kwenye meza zako. Sisemi uzitoe. Hata mimi napenda kusikia watu wakicheka. Naomba ukuta wangu tu."

Ngiri akaubandika uji jikoni. Ulipochemka akautia kibuyuni, akasema, "Twende. Nitakusindikiza."

"Fumba macho kwanza," akasema Bi Fuko.

Ngiri akafumba. Mkono ukutani, papasa, papasa, hatua tatu, ngo! Pembe ya meza, mbavuni!

"Nani kaweka meza hapa?" akafoka Ngiri.

Konokono akajibu kwa sauti ndogo: "Wewe."

Mtaa mzima ukacheka, na Ngiri naye, anasugua mbavu, akacheka. Hapohapo akaanza kuvuta meza, kwaru, kwaru! Nyani akasimama kusaidia. Wakavuta mpaka Kobe na Konokono wakaweza kupishana chini ya ukuta. Meza mbili zilikosa nafasi, zikarudishwa ndani. Ngiri alinung'unika kidogo. Mwacheni anung'unike, meza alizirudisha.

Uji ukafika una moto. Dada akanywa. Kesho yake akanywa. Siku ya saba wakapita pale wote wawili, mikono ukutani.

"Karibuni!" akasema Nyani, akivuta kiti chake ndani.

"Starehe!" akajibu Bi Fuko.

Lakini dada yake alikuwa amesimama, pua juu. "Asante," akasema. "Mdogo wangu, nina njaa. Nataka pilau."

Ee wasikilizaji, kula nje ni raha, na meza mtaani ni jambo jema. Ila usimkaribishe mtu kwa mdomo huku umemzibia njia kwa kiti. Unapokaa, mwachie nafasi anayepita.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya ukuta wa Bi Fuko. Na wewe mwenye miguu mirefu, haya, inyooshe sasa. Wenzako wamekwisha kupita.