Meno Ishirini na Matatu ya Nakiete

Hapo zamani, kabla barabara haijapanda mlimani, siku ambazo mgonjwa alishuka kwa miguu yake au kwa mgongo wa nduguye, kulikuwa na kijiji cha wakulima wa tangawizi. Humo aliishi msichana yatima, Nakiete, pamoja na Namsifu, bibi yake mzaa baba.

Nakiete alitimiza miaka kumi na minne, na chonge lake la juu la kushoto lilikuwa halijaota. Mahali pake ufizi ulivimba, ukawa mgumu kama kokwa. Haukuuma. Ulikua tu, mwezi baada ya mwezi, mpaka shavu likainuka.

Watu wakaanza. "Kigego huyo, mtoto wa mkosi! Meno yake yanaota kwenda ndani. Atamaliza ukoo." Mbuzi akifa, ni Nakiete. Mvua ikichelewa, ni Nakiete. Mwishowe wazee wakakaa, wakatoa amri: kabla ya msimu wa kupanda, msichana aondoke mlimani na asirudi.

Vijana waliotumwa kumtoa walimkuta bibi mlangoni, jembe mkononi.

"Bibi, tupishe."

"Sipishi."

"Ni amri ya wazee."

"Na mimi ni mtoto? Anayemtaka mjukuu wangu aanze na mimi."

Hawakuthubutu. Lakini wazee walimfungia maji ya mfereji. Miezi mitatu shamba lake halikupata tone, tangawizi ikanyauka ardhini, na maji ya kunywa bibi akayateka bondeni, akayapandisha kwa kichwa. Hakulia, hakuomba. Ila naye alikuwa na lake. "Mjukuu wangu hakatwi kwa kisu cha mtu yeyote," alisema. "Atakaa hapahapa na shavu lake, tuone."

Nakiete alikuwa na mjomba, Mbonea, kaka wa marehemu mama yake. Mjomba aliona uvimbe unasogelea pua. Akamwomba bibi ruhusa ya kumpeleka msichana hospitali, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bibi akakataa mara zote. Mara ya nne mjomba hakuomba. Alidanganya.

"Mama, kuna msiba kwa ndugu zetu wa bondeni. Naomba nimchukue Nakiete tukahani."

Bibi akaruhusu. Walitembea siku mbili. Mtoni maji yalikuwa yamejaa, na wasafiri waliokuwa wanashikana mikono kuvuka wakalitazama lile shavu, wakakataa kumshika. Mjomba akamweka mgongoni, akaingia mtoni peke yake, maji kifuani.

Hospitalini walimkuta mganga mkuu, na daktari wa meno, mwanamke kijana aliyeitwa Hidaya. Mganga mkuu alitazama shavu akasema, "Uvimbe kama huu, tunatoa kipande cha taya."

Hidaya akapiga picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga. "Tazama, mzee. Hii si saratani. Ni meno. Meno madogo madogo yamejikusanya kwenye mfuko mmoja, yameziba njia ya chonge. Uvimbe wa namna hii ni nadra, lakini hauui mtu."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, nifukuze kazi. Taya la mtoto huyu silikati."

Muuguzi alileta vitambaa vya kumfunga mikono. Nakiete akazuia. "Msinifunge. Nani amewaambia nitakimbia?" Wakamchoma sindano ya ganzi. Ufizi ukafunguliwa. Akasikia kitu kikilia kwenye bakuli la chuma: ti! Kingine: ti! Akahesabu kwa vidole. Yalitoka meno ishirini na matatu, na hakuna hata moja lililozidi punje ya mchele.

Jeraha lilipopona, mjomba alimwambia Nakiete, "Mwanangu, ukitaka kukaa kwangu, kaa. Kule wamekukataza." Nakiete akajibu, "Kule ni kwetu." Akayafunga meno yake kitambaani, akapanda mlima peke yake. Akawakuta wazee barazani, akayamwaga yale meno kwenye mkeka, mbele ya miguu yao.

"Mlisema nina kitu kitakachokula ukoo. Ni hiki. Kimemla nani? Shikeni!"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi mfungulieni bibi yangu maji."

Wakayafungua siku ileile.

Miaka ikapita, Nakiete akaolewa, akajifungua mtoto wa kike. Desturi ya mlima ule ilisema hivi: mzaliwa wa kwanza hupewa jina la mtu aliyeyaokoa maisha ya mama yake. Siku ya jina ikafika, na wote wakafika.

Bibi akasema, "Aitwe Namsifu. Nisingesimama mlangoni, hawa wengine wangempata wapi wa kumbeba na wa kumtibu?"

Mjomba akasema, "Aitwe Mbonea. Jina langu hupewa wanaume na wanawake. Bibi alimlinda, lakini alimlinda pamoja na ugonjwa wake."

"Ulinidanganya mlangoni kwangu!"

"Nilidanganya, Mama. Na leo ningedanganya tena."

Daktari alikuwa amepanda mlima kwa miguu. "Sikuja kudai," alisema. "Lakini mkiniuliza, nasema. Angefika mikononi mwa mwingine, angerudi na nusu ya uso. Aitwe Hidaya."

Nakiete alikuwa amekaa, mtoto mapajani. "Nawashukuru wote, na nawapenda. Lakini aliyelala kwenye kitanda kile bila kufungwa ni mimi. Aliyerudi mlimani peke yake ni mimi. Mtoto ataitwa Nakiete."

Mzee mmoja akashtuka. "Haijapata kutokea mama akampa mwanawe jina lake mwenyewe!"

"Wala haijapata kutokea mtu mliyemfukuza akarudi. Mimi nilirudi."

Wakabishana mpaka pombe ikaisha mitungini, na mtoto hana jina. Ninyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi, mimi nimemaliza yangu. Aliyesimama mlangoni, aliyedanganya akabeba, aliyekataa kukata taya, au aliyerudi mlimani peke yake: je, mtoto yule alistahili jina la nani?