Jini Mfumaji wa Tamrani

Katika enzi za Sultani Mundhiri bin Harithi, mji wa Tamrani, ambao vitambaa vyake vilivaliwa hata na wafalme wa mbali, ulifikwa na ukiwa mkubwa, kwa kuwa visima vya njiani vilifukiwa na mchanga, na misafara ikashika njia nyingine, na maduka yakafungwa, na vijana wakaanza kuhama. Sultani akashauriana na mawaziri wake, kisha akaamuru ipigwe mbiu: "Kila atakayefungua karakana katika mji wangu, nimemsamehe ushuru hata isimame imara, na kutoka hazina yangu atapewa jini wa kumtumikia, katika majini waliofungwa na babu zangu ndani ya mitungi ya shaba."

Raihani binti Mabruki aliisikia mbiu hiyo akiwa mbele ya kitanda cha kufumia nguo alichoachiwa na marehemu baba yake, na akainuka mara moja, maana mchumba wake, Nasibu mtia rangi, alikwisha kufunga mizigo aondoke na msafara wa wanaohama Ijumaa kutafuta kazi ugenini, na waliokwenda huko hawakuwa wakirudi. Akakimbilia hazina, akapewa mtungi, akaufungua uani kwake, na jini mrefu kama mnara akatoka, akainama kwa heshima.

"Labeka, bibi yangu. Mimi Shamhuri. Niamuru."

"Fuma!" akasema Raihani, bila kuuliza la pili.

Jini akafuma na kutia rangi, na kabla ya adhuhuri vikoi vilijaa nyumba nzima, hata paka akakosa pa kulala. Raihani akavipeleka sokoni kwa furaha, na wanawake wakavishika, wakavisifu, wakavirudisha pale pale walipovitoa. Na wote waliopewa majini walikutwa na hayo hayo: mwoka mikate aliishia kuwalisha kuku mikate yake, na mfua shaba alizungukwa na masinia yasiyo na wa kuyanunua. Mji ulijaa bidhaa, na ukiwa ukabaki palepale.

Jioni Nasibu akaja.

"Nimekuja kukuaga, Raihani. Usinilaumu. Nikikaa hapa nitafanya nini? Hata rangi anatia jini wako."

Neno lile likamchoma Raihani, na machozi yakamlengalenga. Nasibu alipotoka, akamgeukia jini kwa hasira.

"Shamhuri! Mbona hakuna anayenunua kazi yako?"

"Bibi yangu," akajibu jini kwa adabu, "ulitaka anunue nani? Majirani waliokuwa wakifuma nawe wamekaa bure, na asiye na kazi hana cha kununulia. Na mimi mfanyakazi wako sili, sivai, wala siendi sokoni."

Raihani akajicheka kwa aibu.

"Basi ondoka kwenye kitanda changu. Nenda kavifukue visima vya njiani."

Jini akaenda, na mchanga ukaruka hadi mawinguni. Raihani naye akapita nyumba kwa nyumba akiwaita wafumaji, na kwa Nasibu akafika mwisho, akamwambia, "Sina mtia rangi." Nasibu akamtazama, akafungua mizigo yake. Na misafara ilipopata habari za maji ikarudi, na vikoi vikanunuliwa, na wafumaji wakanunua mikate, na kuku wakarudi kula pumba.

Sultani akamwita Raihani barazani kumsikiliza.

"Ewe Sultani mtukufu," akasema Raihani, "hisani yako ilikuwa njema, ila sisi tulimkalisha jini kwenye kiti cha jirani."

Sultani akacheka, akabadili amri yake: majini wafukue visima na kutengeneza njia, na msamaha wa ushuru awe nao mwenye kuajiri watu. Na siku ya harusi ya Raihani na Nasibu, akamwacha huru Shamhuri.

Watu wa Tamrani wakajua kwamba msaada wa mtawala hufaa unapompa mtu kazi, si unapomwondolea. Raihani na Nasibu wakatajirika, wakaishi kwa raha. Na asubuhi moja dukani mwao akaingia mteja aliyelazimika kuinama mlangoni.

"Nataka kikoi," akasema Shamhuri.

"Si uliniambia huvai?"

"Nilikuwa mtumwa, bibi. Sasa nalinda visima kwa ujira."

Akasimama mbele ya vikoi muda mrefu, hajui achague kipi.