Watu Walivyokwisha Huku Wakisema Salama

Haya, tulieni. Mvua hii haina dalili ya kukatika, nanyi mnanitia kelele masikioni. Nyinyi kaeni hapo barazani, mimi Bibi Bata nakaa huku kwenye jiko la zamani, uwanja uwe katikati yetu. Wewe Kifaranga, usivuke. Nimesema usivuke! Leo hakuna kulala chini ya bawa langu.

Hadithi, hadithi!

– Hadithi njoo! Uongo kaa nje, utamu kolea!

Hamjambo?

– Mimi ukwato unaniuma!

– Mimi nina njaa!

– Mimi naogopa radi!

Vizuri sana. Mimi mtaniuliza mwisho, msimulizi huulizwa mwisho, ndiyo ada. Na kama yupo anayeona ajabu kwamba sisi wanyama tunajibizana hivi, leo atajua asili yake. Mbuzi, unanong'ona nini? Eti watu walikuwa wakisema anayesimulia hadithi mchana ataota pembe? Wewe unazo tayari, hofu ya nini?

Hapo zamani za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajazeeka, paliondokea watu.

– Mtu ni nini, Bibi?

Umeuliza vizuri, Kifaranga. Mtu alikuwa kiumbe wa miguu miwili kama wewe, ila hana hata unyoya mmoja wa maana. Hana pembe, hana mkia, hana kucha za kutisha. Lakini alikuwa na mikono. Hiyo baraza mliyokaa aliijenga kwa mikono. Hili jiko nililokaa alilifinyanga kwa mikono. Akawasha moto, akapika, akapika hata vitumbua. Msiniulize kitumbua kina ladha gani. Bibi yake bibi yangu alidonoa makombo yake, akayaota mpaka uzeeni. Mimi nimebaki kuhadithiwa tu.

Basi watu walikuwa na ada moja, nayo ni kusalimiana. Mtu hakuweza kumpita mwenzake kimya. Atasimama, atampa mkono, ataukamata sawasawa, ndipo aanze.

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Nzuri."

"Za tangu jana?"

"Salama."

Na mikono imeshikana muda wote huo. Ilikuwa ada nzuri, nami naipenda kweli.

Ila jibu lilikuwa limekwisha kujulikana kabla ya swali. Mtu amevunjika mguu, ukimuuliza habari atasema nzuri. Nyumba yake imeungua, atasema, "Nzuri, ila nyumba imeungua." Amefiwa, atasema, "Salama tu, ila jana tumezika." Wanyama walikuwa wakicheka kando mpaka mbavu zinawauma. Hawakujua kwamba kicheko hicho kitawatokea puani.

Siku moja Mbayuwayu akarudi kutoka safari zake za mbali. Akatua juu ya paa la Bi Mashavu, mwanamke mpika vitumbua wa kijiji cha Kwanyika, akawa anahema. Mbwa wa Bi Mashavu akainua kichwa.

"Umeona nini huko?"

"Nimeona barabara zimeota nyasi," akasema Mbayuwayu. "Nimeona miji mikubwa haina moshi. Kuna ugonjwa unaitwa Kiganja cha Moto. Mgonjwa kiganja kinamchoma kama ameshika kaa, lakini anatembea, anacheka, anaozesha mwana. Kisha anaanguka ghafla, anakufa, na kila aliyempa mkono naye kiganja kinaanza kuchoma."

"Hauna dawa?"

"Unayo, tena nyepesi mpaka inaudhi. Nilimwona mchunga punda mmoja mlimani. Kiganja kilipomchoma akapiga kelele, 'Naumwa! Msinikaribie!' Wenzake wakamwekea uji mlangoni, wakakaa mbali. Kiganja kikapoa, akapona."

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Alishuka mjini kuwapa pole wafiwa. Akawapa mkono. Hakurudi."

Nyinyi hamjui, lakini Mbwa huyu aliokotwa mtaroni angali mdogo, macho hayajafumbuka. Bi Mashavu ndiye aliyemwokota, na kila alfajiri kitumbua cha kwanza kilikuwa chake. Mbwa akasema moyoni, watu wengine shauri yao, lakini Bi Mashavu hafi nami nipo.

Mbayuwayu akaenda kwanza, akatua sokoni juu ya kibanda, akaimba. Itikieni nami.

*Kiganja, kiganja, kina moto?*

– *Sema, sema, kipate kupoa!*

Watu wakaficha mikono nyuma. Yule anamtazama huyu, huyu anatazama chini. Mwisho Mzee Kirumbi, mkuu wa kijiji, akasimama, akafuta jasho.

"Ndege, tumekusikia. Sisi hapa salama."

Wote wakaitikia, "Salama!" Wakapeana mikono kwa furaha.

Wa pili akaenda Paka, nyumba kwa nyumba, maana Paka ni hodari wa kuingia kwa watu. Kila mlango akaimba.

*Kiganja, kiganja, kina moto?*

– *Sema, sema, kipate kupoa!*

Nyumba ya kwanza wakamwambia, "Sisi salama, labda kwa jirani." Kwa jirani wakamwambia, "Sisi salama, labda kwa wale tuliopakana nao." Paka akazunguka kijiji kizima, akarudi palepale alipoanzia, na ugonjwa hauna mwenyewe. Akachoka, akajilamba, akalala.

Siku hiyohiyo Mzee Kirumbi akaanguka, akafa. Watu wakajaa matangani, na wafiwa wakapewa mkono mmoja mmoja. Wa tatu akaenda Mbwa. Yeye hakuuliza mtu. Alipita katikati ya waombolezaji akiramba viganja, kimoja baada ya kingine. Vyote moto! Akabweka akiimba.

*Kiganja, kiganja, kina moto?*

– *Sema, sema, kipate kupoa!*

Wakampiga mawe. "Mbwa huyu hana adabu! Anatuaibisha mbele ya wageni!"

– Bibi, kwa nini hawakusema tu?

Hata mimi najiuliza, Kifaranga. Nadhani kila mmoja alimngoja mwenzake. Aliyesema kwanza angeachwa peke yake, asipewe mkono, asialikwe arusini. Waliogopa upweke wa siku chache, wakapata ule usio na mwisho.

Basi Mbwa akarudi mbio nyumbani, akanusa kiganja cha Bi Mashavu. Kilikuwa baridi bado. Akalala kizingitini, akaapa hapiti mtu. Akaja jirani, akamfukuza. Akaja mnunuzi wa vitumbua, akamfukuza. Akaja Bi Zainamu, wifi yake Bi Mashavu, amejifunga kanga mpya, anatabasamu. Mbwa akatoa meno yote.

"Mbwa wee, una wazimu?" akafoka Bi Mashavu. "Unambwekea wifi yangu? Watu watasema nini?"

"Mama, nakuomba, usimpe mkono."

"Nimnyime mkono wifi? Bora nife!"

Akamfunga Mbwa kamba kwenye mgomba. Akafuta mikono yake, akautoa wa kulia.

"Hujambo wifi?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Salama."

Mbwa akalia pale mgombani mpaka sauti ikamkauka. Inauma, jamani, kumwona umpendaye anajitosa kwa heshima tu.

Alipofunguliwa, kiganja cha Bi Mashavu kilikuwa kinachoma. Mbwa akamwambia, "Mama, sema. Lala ndani, nitakuletea maji."

Bi Mashavu akacheka. "Nikisema naumwa, nani atakula vitumbua vyangu? Nimechoka tu." Akaendelea kupika, akaendelea kutoa mkono.

Bi Zainamu akaanguka. Jirani akaanguka. Soko likawa kimya, Mbwa akawa anasikia majani yakidondoka. Mbayuwayu akazunguka dunia, bara na visiwa, akarudi, akatua juu ya paa.

"Moshi nimeuona mmoja tu duniani," akasema. "Ni huu wa jiko lenu."

Kumbe Bi Mashavu ndiye mtu wa mwisho. Alikuwa amekaa hapa hapa nilipokaa mimi, vitumbua vimejaa sinia, hakuna mlaji. Mbwa akamsogelea.

"Habari za asubuhi, Mama?"

"Nzuri," akasema Bi Mashavu.

Kisha akatazama uwanja. Hakuna wifi, hakuna jirani, hakuna wa kumcheka. Akatazama kiganja chake. Machozi yakamtoka.

"Naumwa, Mbwa," akasema. "Naumwa sana."

Mbwa akaruka, akaleta maji kwa kata, akaiuma kata kwa meno ili maji yasimwagike. Bi Mashavu akanywa funda moja.

"Kumbe ni neno dogo hivi!" akasema. "Nililiona kubwa kama mlima. Mwanangu, kaulizaneni habari huko mwendako. Ila mjibizane kweli."

Akafa. Moshi wa mwisho ukakatika. Watu wakaisha duniani, na hakuna aliyebaki wa kuwazika ila mvua na majani.

Wanyama wakakusanyika uwanjani hapo. Punda akamtazama Mbwa, akamwonea huruma.

"Habari, Mbwa?"

Mbwa alikuwa ameishi na watu, na ulimi wake ulikwisha zoea. Akafungua kinywa kusema nzuri. Unyayo wake wa mbele ulikuwa unachoma. Akatazama wanyama wote, wakubwa na vitoto, wamemkaribia wamfariji. Akarudi nyuma.

"Naumwa!" akapiga kelele. "Unyayo una moto! Msinikaribie!"

Walikimbia? Hawakukimbia. Walisogea mbali, wakakaa wakimtazama. Bibi yake bibi yangu akamwekea chakula katikati ya uwanja, akarudi. Kila asubuhi wakamsalimu kwa sauti kutoka mbali, naye akawajibu alivyo. Unyayo ukapoa. Mbwa akapona, na sisi sote tukapona kwa neno lake. Ndiyo maana mimi nipo, nanyi mpo, mnanisumbua.

Basi funzo lake ni hili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na methali hiyo si yetu, tumeirithi kwa watu. Walikuwa wakiisema kila siku, wakiwafundisha watoto wao. Waliijua, Mbuzi! Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Asiyesema anapoumia huwaumiza na wanaompenda, na anayeulizwa habari apewe nafasi ya kujibu kweli.

Haya, sasa niulizeni mimi.

– Hujambo, Bibi Bata?

Sija... Ngojeni. Ulimi huu nao!

Naumwa, wajukuu zangu. Nyayo zinanichoma tangu alfajiri. Ndiyo maana nimekaa huku, ndiyo maana leo hamlali bawani. Nilitaka kunyamaza, nikaona haya. Naogopa pia, nisiwadanganye.

Kifaranga, usilie. Na usivuke. Niwekeeni maji na pumba pale katikati ya uwanja, kisha rudini barazani. Asubuhi nisalimuni kutoka hapo hapo, nitawajibu nilivyo.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, imezeni hivyo hivyo. Haya, nani analeta maji?

– Mimi, Bibi! Lakini naogopa!

Vizuri, Kifaranga. Njoo na woga wako hivyo hivyo. Weka hapo, geuka, urudi.