Kovu Kwenye Shaba

Wahenga hawakukataa kwamba mwongo ana njia. Walisema tu kwamba ni fupi. Mshonaji mmoja aliijua methali hiyo tangu shuleni, tena aliwahi kuiandikia insha akasifiwa. Siku alipoihitaji, ilimfaa kama mwavuli uliosahauliwa nyumbani.

Yeye na wifi yake, fundi redio, walikuwa wakimtengenezea mama mkwe taa ya mbao inayowaka yenyewe mtu anapoikaribia. Mama alikuwa ameanza kusahau mambo, na kupapasa swichi gizani kulikuwa kumemwangusha. Mshonaji alishona kitambaa cha kufunika taa. Wifi alishika kazi ya bodi, kile kibao chenye njia nyembamba za shaba za kupitisha umeme. Alikisugua mpaka kikang'aa.

"Wifi, ukishika, shika kingo tu," alionya. "Mafuta ya mkono yakiingia hapa, kazi imeharibika."

Alipotoka kwenda kuchukua pasi, mshonaji alishindwa kujizuia. Mkono uliozoea kupima kitambaa kwa kugusa ulikwenda wenyewe. Alibonyeza katikati kwa dole gumba, akafurahia ule ulaini, kisha akatulia kama maji ya mtungini.

Wifi aliweka juu ya shaba karatasi yenye mchoro wa wino, akaipiga pasi, akailowesha, akaibandua. Mistari ya pembeni ilishika. Ya katikati ikatoka na karatasi.

"Nani amegusa hapa?"

Mshonaji angekiri, yangeisha kwa kicheko. Lakini aliona haya kuonekana mtoto. "Sijui. Labda mama. Si alipita hapa akitafuta miwani?"

Wifi alimgeukia mama, aliyekuwa ameketi karibu na mlango. "Mama jamani, kila kitu lazima ukishike?"

Mama aliitazama mikono yake. "Huenda ni mimi, mwanangu. Siku hizi sijijui. Mnisamehe." Akaificha mikono ndani ya mtandio wake.

Mshonaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo alikishika kitambaa chake, akaendelea kushona.

Wifi alirudishia mistari kwa kalamu ya wino mzito, akakitumbukiza kibao katika bakuli la dawa inayokula shaba. Dawa ilikula kila mahali isipokuwa chini ya wino na, katikati kabisa, pale palipokuwa na mafuta. Hapo palibaki alama ya dole, vijistari vyake vyote vikionekana, na kovu limeikata mshazari.

Wifi alikisuuza kibao, akakitazama, akampa mama.

Mama alikisogeza karibu na macho. "Jeraha hili la mkasi nililifunga mimi," alisema polepole, akimgeukia mshonaji. "Mwaka ulioolewa. Kumbe akili zangu bado ninazo."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma mshonaji zaidi. Alipiga magoti. "Nilikusingizia, mama. Nisamehe."

"Ndiyo, ulinisingizia," mama alijibu. Aliitoa mikono ndani ya mtandio, akaupokea mkono wa mkwewe, akaligeuza lile dole, akalitazama kovu kwa muda mrefu.

Wifi alimsogezea mshonaji kibao kingine na msasa. Mshonaji alikisugua akiwa ameinamisha kichwa, machozi yakimdondoka sakafuni. Uongo wake ulikuwa umetoka kwenye pasi ukaishia kwenye bakuli, meza ile ile. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.