Hakimu Asiye na Mlalamikaji

Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzako. Wengi wetu husambaza tusichokisoma, na tunachagua hivyo hivyo.

Katika mji mmoja, wananchi walimchagua hakimu kila baada ya miaka saba. Mila yao ilikuwa nzuri. Siku ya uchaguzi, hakimu aliyetaka kurudi alikalishwa kwenye kigoda cha washtakiwa, kisha wale walioshindwa kesi mbele yake wakapewa nafasi ya kusema. Walioshinda hawakuulizwa, maana mshindi humsifu hata mwizi. Ila msemaji sharti awe na shamba mjini hapo. Asiye nalo alisemewa na jirani.

Hakimu Singano alikuwa mtoto wa mfinyanzi. Kupaza, mkulima wa mihogo, alimpenda kwa hilo tu, wala hukumu zake hakuwahi kuziulizia.

"Huyu ni wa kwetu," alizoea kusema. "Njaa anaijua."

Singano alipoomba kurudi, mjane mmoja aitwaye Mama Hoza, jirani yake Kupaza, alisimama. Mwaka uliopita hakimu huyo alimpa tajiri mmoja shamba la mjane huyo bila hata kwenda kuutazama mpaka.

"Shamba lako liko wapi, mama?" karani akauliza.

"Si ndilo alilompa tajiri?"

"Basi huna shamba. Nani anakusemea?"

Mama Hoza akamgeukia Kupaza. "Baba Mhina, mpaka ule unaujua. Minyaa ya uzio tuliipanda mimi na wewe. Waambie."

Kupaza aliujua mpaka ule kama kiganja chake. Lakini alimtazama Singano pale kigodani, akamkumbuka marehemu mfinyanzi, akaona vibaya kumwangusha mtoto wa maskini mwenzake.

"Mpaka ule siujui, mama," akasema, macho chini.

Karani akaandika maneno hayo daftarini, kisha akasoma kwa sauti: "Miaka saba, hakuna mlalamikaji." Watu wakapiga makofi, na Kupaza akapiga. Mama Hoza hakumlaani mtu. Alifunga mzigo wake akahama mji.

Mvua mbili hazikupita, tajiri akadai minyaa ile ni yake, na mihogo iliyo nyuma yake pia. Kupaza akaenda mahakamani bila wasiwasi. Si mtoto wa kwao ndiye aliyekaa kitini?

"Mheshimiwa, minyaa ile niliipanda kwa mikono yangu."

"Una shahidi?"

"Tulipanda na Mama Hoza."

"Yuko wapi?"

"Alihama, mheshimiwa." Hakimu akafungua daftari la karani, akasoma taratibu, bila hasira yoyote. "Siku ya uchaguzi uliuambia mji mzima kwamba mpaka ule huujui. Leo umeujulia wapi?"

Shamba likaenda.

Miaka saba ilipotimia, Singano alikaa tena kigodani. Kupaza, ambaye sasa aliwalimia watu kwa kibarua, akasimama kumlalamikia.

"Shamba lako liko wapi, baba?" karani akauliza. "Au nani anakusemea?"

Kupaza akageuka kumtafuta jirani. Pande zote alizokuwa amepakana nazo, jirani alikuwa amebaki mmoja tu, naye ni yule tajiri. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, tayari kupiga makofi.

Funzo: Usimchague hakimu kwa nyumba aliyozaliwa, mchague kwa hukumu alizotoa, na ushahidi unaomnyima jirani yako leo, kesho utauhitaji wewe na hutaupata.