Kamba ya Fisi na Bomba la Sungura

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana vidude vya kuvaa shingoni vilikwisha kuingia mwituni, mvua iligoma kunyesha. Iligoma vuli, ikagoma na masika, mpaka wanyama wakaacha hata kulitazama wingu likipita. Mto ukawa njia ya vumbi. Mamba alihamia kwa shangazi yake bila kuaga.

Kilichobaki ni kisima kimoja cha kale, kirefu, chenye ndoo ya mbao na kamba ya ngozi ya nyati. Kila mnyama alivuta kwa zamu, akajaza kibuyu chake, akaenda zake. Ndoo ilivuja kidogo na kamba iliwachubua mikono, lakini haikutokea hata siku moja ndoo ikamwuliza mnyama jina lake.

Katika foleni yote ile hakuna aliyeipenda kamba kama Fisi. Wenzake waliishika tu. Yeye aliishika huku akiinusa. Ngozi ya nyati, hata ikikauka miaka mingapi, machoni pa Fisi ni nyama iliyochelewa. Lakini alijizuia, kwa sababu nyumbani alikuwa na mke na watoto, mkubwa wao akiitwa Mabaki, na wote walikitegemea kibuyu chake.

Siku moja Sungura akatokea na sanduku linalong'aa, amelibeba kichwani kama bibi harusi abebavyo sahani ya halua.

"Ndugu zangu," akasema, "mpaka lini tutavuta kamba kama mababu zetu? Hili ni Bomba Janja. Unavaa kidude hiki shingoni, unasogea, linakutambua kwa sura, linakusalimu kwa jina, maji yanamwagika yenyewe!"

"Linasalimuje?" akauliza Simba.

Sungura akaligusa sanduku. Sauti laini ikatoka: "Karibu, Mfalme Mtukufu, Nguzo ya Nyika."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Lirudie," akasema. Likarudia. Jioni ile lilirudia mpaka likapata joto, na kabla jua halijachwa Simba alikwisha kuamuru kisima kifunikwe kwa bati, sanduku liwekwe juu yake, na ushamba wote utupwe. Kobe akapewa ndoo akaitupe korongoni.

"Kamba nitaitupa mimi!" Fisi akadakia, kwa bidii ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake.

Aliitupa, ndiyo, lakini aliitupa juu ya mwamba uliojitokeza ndani ya pango lake, ikaning'inia hapo. "Hii ni akiba," akamwambia mkewe. "Siku tukikosa kabisa, tunaichemsha." Tangu hapo kila akipita aliimega ncha kidogo, akajilaumu, akapita tena.

Sungura alikuwa na onyo moja tu. "Msiliguse sanduku kwa hasira. Likipigwa hata kofi, kisima kinakauka." Wanyama wakaogopa, hata wengine wakawa wanalipita kwa kunyata.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Sanduku lilisema, "Karibu, Bwana Fisi, Mwenye Tabasamu," na Fisi akarudi nyumbani na kibuyu kilichojaa na kichwa kilichovimba. Kisha asubuhi moja sanduku likamwambia, kwa sauti ileile laini, "Mteja mpendwa, kidude chako kimezeeka. Kamwone Sungura."

"Kimezeekaje?" Fisi akafoka. "Nimekivaa juzi! Mimi mwenyewe ni mzee kuliko hiki na sijakataliwa maji!"

Sungura akainamisha masikio kwa huruma. "Mjomba, si mimi. Ni mfumo."

"Mfumo ndiye nani?"

"Mfumo ni mfumo, mjomba."

"Anakaa wapi, nikamwone?"

Sungura akapumua kwa nguvu, akampa jembe. Maana kidude kipya kilipatikana kwa kazi, na kazi ilikuwa shambani kwa Sungura. Basi Fisi, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kula jani isipokuwa kwa bahati mbaya, akawa anapalilia kunde. Na kunde zenyewe zilikuwa zimenawiri, mbichi, zina umande mpaka mchana, wakati nchi nzima imekuwa rangi ya mkate uliochomwa.

"Mbona kwako kumeota?" Fisi akauliza.

"Siri ni kuamka mapema, mjomba," akajibu Sungura, na Fisi akaona aibu kwa kuwa mchelewaji.

Hakukaa sana, likaja Toleo Jipya. Baada yake likaja Toleo Jipya Zaidi, kisha Toleo Jipya Kabisa, na kila mara vidude vya jana vilikuwa takataka na Fisi alikuwa na jembe mkononi. Kibaya ni kwamba kadiri bomba lilivyozidi kuwa jipya ndivyo lilivyozidi kuwa zito. Liliamka kwa shida kama mlevi. Lilianza kuonyesha picha ya maji kabla ya kutoa maji, na picha ilikuwa kubwa kuliko maji yenyewe.

"Lakini rangi imekuwa nzuri zaidi," alisema Nyani, midomo imempasuka kwa kiu.

Usiku Fisi aliota Mfumo. Alimwona ni mnyama mkubwa kumshinda Tembo, ana meno kila upande, anakaa gizani na kukataa kila kitu.

Mambo yalifika shingoni asubuhi moja Fisi alipoamka na kugundua kwamba pango limetulia. Watoto wa fisi hucheka hata usingizini. Mabaki alikuwa amelala chali, macho wazi, ulimi nje, hacheki. Fisi akamtekenya. Mabaki akamtazama tu. Fisi aliogopa, na hofu hiyo haikuwa ya tumbo. Hakuwahi kuijua kabla ya siku ile.

"Baba Mabaki," akasema mkewe, "leo naiteremsha kamba. Naiweka chunguni. Kazi yako ni kuleta maji ya kuichemshia. Ukinirudia na habari za huyo Mfumo wako, mimi na wanangu tunarudi kwetu."

Fisi akajivika kidude alichokipata jana yake tu, cha Toleo Jipya Kabisa la Kweli, akatoka mbio. Alikuwa wa kwanza kisimani. Akajisogeza, akatoa tabasamu lake lote.

"Tafadhali subiri," likasema sanduku. "Ninajisasisha. Asilimia tisini na tisa."

Fisi akasubiri. Jua likapanda.

"Asilimia tisini na tisa," likasema sanduku.

Ndipo akasikia sauti nyembamba ikitoka chini ya bati, yenye mwangwi: "Fungua! Fungua nakwambia!"

Nywele za mgongo zikamsimama. "Mfumo!" akanong'ona, akapiga magoti. "Mzee Mfumo, shikamoo! Mimi ni Fisi, sina ugomvi na wewe. Naomba kibuyu kimoja tu, mwanangu hacheki."

"Mfumo gani, mjinga wewe! Ni mimi Sungura! Nilishuka kuzibua bomba, hili likaanza kujisasisha lenyewe, likanifungia mlango wa bati!"

"Basi liambie likufungulie. Si lako?"

"Nimeliambia tangu alfajiri!"

Na kweli, sanduku likasikika likijibu kwa adabu zake zote: "Mteja mpendwa, kidude chako kimezeeka. Kamwone Sungura."

"Sungura ndiye mimi!" ikalia sauti ya chini.

"Kamwone Sungura," likasema sanduku.

Lo! Yule bwana alikuwa bado amevaa kidude chake cha kwanza kabisa. Vyote vipya alivitoa kwa wenzake wampalilie shamba. Cha kujivika mwenyewe hakukiona kuwa na faida.

Fisi akapiga yowe, wanyama wakaja na vibuyu vyao vikavu, na nyuma yao Simba kwa mwendo wa maringo. Wakampisha. Simba akasimama mbele ya sanduku, akakohoa, akangoja salamu yake.

Sanduku likamulika uso wake. Toleo jipya lilikuwa limesahau kila jina. "Karibu," likasema. "Sura hii haijulikani. Inakaribia kufanana na paka."

Nyani akapatwa na kikohozi cha ghafla.

"Lirudie," akasema Simba taratibu.

"Paka," likarudia sanduku.

Simba akalipiga kofi moja. Sanduku likaruka na bati lake juu ya miiba, likasema "asante kwa kutuamini," likazima. Wanyama wote wakafumba macho wakisubiri kisima kikauke. Kisha wakasikia maji yakicheza huko chini, na Sungura akipiga chafya. Walipofumbua macho waliona na jambo jingine ambalo bati lilikuwa limelificha: mpira mnene, uliojaa maji, umetoka kisimani na kwenda moja kwa moja kwenye shamba la kunde.

"Kumbe kuamka mapema kwenyewe ndiko huku," akasema Fisi, na kwa mara ya kwanza alikasirika kuliko alivyokuwa na njaa.

Maji yalikuwapo, lakini yalikuwa mbali. "Ile kamba iko wapi?" akauliza Simba. Macho yote yakamgeukia Fisi.

"Niliitupa."

"Wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kwangu," akasema Fisi, kisha akakumbuka chungu. Hakuna aliyewahi kumwona Fisi akikimbia vile bila kunusa mzoga. Njiani alikuwa anajilaani: kamba ikishaiva imekwisha, na watoto watakula leo wafe kiu kesho. Akaingia pangoni akihema.

"Imeiva?" akapiga kelele.

"Itaivaje, kwa mate?" akajibu mkewe. "Maji yako wapi?"

Kamba ilikuwa imejikunja chunguni, kavu kama ilivyokuwa. Hata tone la kuichemshia hawakuwa nalo. Fisi, aliyekuwa amelilaani bomba lile kwa kumnyima maji, akaibusu kamba, akameza mate badala ya kuimega, akatoka nayo.

Karibu na kisima akamkuta Kobe anatambaa, ndoo imemfunika mgongoni.

"Unakwenda wapi na hiyo?"

"Korongoni," akasema Kobe. "Mfalme aliniagiza niitupe. Usinisemeshe, nitachelewa."

Fisi akambeba Kobe na ndoo yake pamoja, akawafikisha. Wakafunga ndoo kwenye kamba, wakaishusha, ikaning'inia juu kidogo tu ya maji. Simba akaichunguza ncha ya kamba.

"Mbona imekuwa fupi?"

"Imenywea kwa jua, Mfalme," akasema Fisi akitazama pembeni.

"Jua lina meno?"

Hapakuwa na kamba nyingine nchi nzima. Wanyama wakatazamana, kisha, mmoja mmoja, kwa heshima kubwa, wakautazama mkia wa Simba. Simba akaangalia huku na huku. "Atakayesimulia hili nitamla," akasema, akageuza makalio kisimani. Ndiyo maana hadithi hii tunaisimulia kwa sauti ndogo.

Ndoo ya kwanza ilipanda ikivuja vilevile kama zamani, na Fisi akaipeleka nyumbani mwenyewe. Mkewe akamnywesha Mabaki kidogo kidogo. Mtoto akameza, akajikohoza, akamtazama baba yake aliyetapakaa matope na machozi, akaangua kicheko kilichosikika mpaka kisimani. Fisi akalia bila haya.

Aliporudi, vibuyu vilikuwa vinajazwa kwa zamu. Toka chini Sungura alikuwa anapaza sauti, "Na mimi je? Mjomba Fisi! Mimi ni mpwa wako!"

Fisi akainama juu ya kisima, akalainisha sauti. "Mteja mpendwa, tafadhali subiri. Asilimia tisini na tisa."

"Mjomba, naganda!"

"Si mimi, mpwa wangu," akasema Fisi. "Ni mfumo."

Walimtoa baada ya kibuyu cha mwisho, ameloa, masikio yamelala kama majani ya mgomba baada ya mvua. Simba akahukumu kwamba Sungura atawavutia wote maji kwa mikono yake mpaka mvua irudi, na akimaliza kila siku atazigawa kunde zake kwa walioziotesha. Fisi akazipokea zake kwa shukrani, akampa Nyani. Kamba ikarudi mahali pake. Kila akipita hapo Fisi huinusa, humeza mate, akaenda zake. Kobe peke yake ndiye aliyeuliza kama bado anatakiwa kufika korongoni.

Na Sungura, kila alipoinua kichwa ajifute jasho, alikutana na Mabaki ameketi ukingoni mwa kisima, anamwimbia maneno aliyofundishwa na mama yake: usiache mbachao kwa msala upitao.