Fungu la Mto

Mzee mmoja aliachiwa na baba zake chemchemi ya chumvi, nayo haikuwa yake. Jina lake Gwasa. Chemchemi ile ilitoka yenyewe chini ya mwamba, kando ya mto Nyamila, na hakuna aliyewahi kusema babu yangu ndiye aliyeichimba. Kazi ya Gwasa ilikuwa kuitunza tu. Kila mwenye chungu alikuja, akateka, akachemsha mpaka maji yakaisha na chumvi ikabaki chini, akaikwangua kwa kigae, akaifunga kwenye majani ya mgomba. Aliyepika sana alipata nyingi, na aliyepika kidogo alipata kidogo. Hakuna aliyemwonea mwenzake kijicho kwa hilo, maana moshi wa meko ya chumvi unakula macho, na macho ni ya mtu mwenyewe.

Lakini palikuwa na sharti. Katika kila mpiko mtu alitoa fungu, akaliweka katika kibanda cha mlinzi wa chemchemi. Waliliita fungu la mto. Mwenye chungu kimoja alitoa konzi, ujazo wa kiganja. Mwenye vyungu vingi alitoa kapu, tena kapu la kujaa, kubwa kuliko konzi zote za vyungu vyake zikijumlishwa. Ndivyo walivyotaka wazee. Walisema, "Mgongo mpana haubebeshwi kifurushi."

Na fungu lile lilikuwa na kazi yake. Mto Nyamila ulipita juu kidogo ya chemchemi, na maji ya mto si ya chumvi. Kati ya maji haya na yale palikuwa na tuta la udongo tu, limeshikwa na mizizi ya mikuyu. Tuta likilegea, mto unaingia, na chumvi imekwisha. Basi kila kiangazi watu wasio na vyungu walikuja kushindilia udongo na kupanda miche ya mikuyu, nao walikula ugali ulionunuliwa kwa fungu la mto. Kwa fungu hilohilo walikula pia wale ambao meko yamewamaliza: wazee waliopofuka kwa moshi, na walioungua.

Mmoja wa walioungua alikuwa Sanze, binti wa Gwasa. Chungu kilimpasukia, mkono wake wa kulia ukajikunja kama jani kavu, usifunguke tena. Alikuwa na watoto, na mume alikwisha kufa. Alikula fungu la mto yeye na watoto wake, wala hakuna aliyemwita ombaomba. Chemchemi, walisema, ni ya wenye mikono na ya wasio na mikono.

Gwasa alipokuwa anakata roho aliwaita wanawe wawili wa kiume, Ntahondi na mdogo wake Bihemo. Aliwaambia, "Chumvi ni ya aliyeipika. Maji ni ya wote. Mkishika moja mkaacha jingine, nimekufa bure." Kisha akageukia ukutani. Wakamzika, na chemchemi ikawa mikononi mwao.

Ntahondi alikuwa mchapakazi, nisimseme vibaya. Jogoo waliwika wakamkuta macho. Alikwenda mpaka kwa watu wa reli akanunua makarai ya chuma, makubwa, mtu anaweza kuogea ndani yake, akaajiri vijana wa kuchochea moto. Chumvi yake ilitoka kwa magunia. Na kwa sababu chumvi iliongezeka, na kapu lake la fungu likaongezeka uzito.

Siku moja alilifikisha kibandani, watu wamejaa na konzi zao. Akalitua. Akalitazama. Akaliinua tena akajitwika.

"Huu mto una meno?" akauliza. "Mbona sijapata kuuona ukitafuna chumvi?"

Watu wakacheka. Alikuwa mcheshi Ntahondi, na tena alikuwa tajiri, na kichekesho cha tajiri hakikosi wa kukichekea. Lakini katika kicheko kile konzi nyingi zilirudi kwenye pindo za nguo. Bibi mmoja wa chungu kimoja alifunga chumvi yake upya, huku akinung'unika, "Karai halitoi, kichungu changu kitoe kina nini?"

Kiangazi kikafika. Watu wa tuta wakaja na majembe yao kama kawaida. Wakakikuta kibanda kitupu. Wakakaa, wakangoja, wakaangalia sufuria ilivyofunikwa kifudifudi, wakaelewa. Wengine walirudi makwao. Wengine waliingia uani kwa Ntahondi wakaomba kazi ya kuchochea moto.

Sanze naye alikwenda kwa kaka yake. Ntahondi hakumfukuza. Alimwambia, "Dada, siwezi kumlisha mtu kwa kukaa. Njoo ufagie majivu, nitakupa ujira." Basi Sanze akafagia majivu kwa mkono wa kushoto, na majivu ya meko yale hayaishi, unapofika mwisho, mwanzo umejaa. Baadaye Ntahondi akaizungushia chemchemi boma la miiba. Alisema anaikinga na uchafu wa mifugo. Watu wa chungu kimoja wakawa wanangoja nje ya boma mpaka makarai yote yajae, na zamu yao ilipofika waliteka tope.

Hapo ndipo jambo lilipoanza, na hakuna aliyeliona.

Karai lililokuwa likikauka mchana sasa lilikauka jua likizama. Tena chumvi yenyewe, utando tu. Watu wa chumvi wana kosa lao moja, la tangu enzi: chumvi ikichelewa hawatazami maji, wanatukana kuni. "Kuni mbichi hizi!" "Ewe, umeniletea kuni au umeniletea migomba?" Ntahondi akamfukuza mkata kuni wake, akamweka mwingine. Huyu wa pili aliona msitu uko mbali na bwana ana haraka. Akaingia kwenye mikuyu ya tuta, akaanza na ile minene.

Bihemo alikuwa na moyo laini, yeye pia nisimseme vibaya. Alimwona dada yake amepiga magoti katika majivu, mkono mmoja umejikunja kifuani, mwingine unafagia. Akalia. Alipomaliza kulia akakasirika, na hasira ya mtu mpole ina shoka. Akawakusanya wa chungu kimoja na wasio na chungu, wakaja mchana kweupe, wakaling'oa boma, wakayatoboa makarai moja baada ya jingine. Vigelegele vilipigwa. Sanze alipiga vigelegele kushinda wote.

Ntahondi akajitenga uani kwake na waliobaki upande wake. Tangu siku hiyo Bihemo akaamuru kila mtu apike katika uwanja mmoja, chumvi yote iingie ghala moja, na kila mtu apewe bakuli sawa na mwenzake. Furaha ilikuwa kubwa, wala sitaki kuificha. Watoto wa Sanze walikula wakashiba. Mzee kipofu aliletewa bakuli lake mpaka mlangoni, akalipapasa ukingoni akacheka peke yake.

Lakini palikuwa na mtu aitwaye Ruhuza, na kila uwanja una Ruhuza wake. Alfajiri ana homa, adhuhuri anatafuta jembe lake, jioni wa kwanza kwenye mstari. Wapishi waliokuwa wamevuta moshi kutwa walimtazama akipita na bakuli lake.

"Shikamoo kazi," walimtania.

"Kazi haijambo," alijibu, "ila leo haikuniona."

Wakacheka. Kesho yake mmoja wao hakuja mapema. Keshokutwa wawili. Wale waliokuwa na mkono wa chumvi hasa, wanaojua moto wa kuanzia na moto wa kumalizia, wakafunga mizigo wakaenda nchi nyingine na ujuzi wao. Meko yakapoa, moja leo, moja kesho.

Wazee wakamwendea Bihemo. Wakamkumbusha fungu la mto. Akawashangaa. "Fungu litoke kwa nani, wazee wangu? Vyote ni vyetu. Mtu anajitolea fungu mwenyewe, kama mwehu?" Waliokuwepo wakacheka. Kicheko kilikuwa kilekile, kimehamia mdomo mwingine tu.

Na tuta je? Tuta lilikuwa letu sote. Kila mtu aliamka akijua kuna mwenzake aliyekwenda kulishindilia, na mwenzake aliamka akijua hivyohivyo. Chumvi ikazidi kuchelewa. Wakazitukana kuni. Bihemo hakuwa na mkata kuni wa kufukuza, kwa hiyo aliwaambia watu wakate palipo karibu. Wakamaliza mikuyu iliyokuwa imebaki, mpaka miche. Nani angewazuia? Ilikuwa yao. Na ule mti hata hauwaki vizuri. Unatoa moshi tu.

Bakuli la Sanze lilikuwa sawa na la kila mtu, hilo Bihemo alilitimiza. Lakini bakuli likawa nusu bakuli, nusu bakuli ikawa konzi, konzi ikawa ukwanguzi wa chungu. Sawasawa kwa wote. Watoto wake wakaanza kulala mchana, kama wanavyolala watoto wasiokula.

Masika ikaingia kwa nguvu. Siku moja watu waliona udongo wa tuta unatoka jasho. Wakapiga yowe, wakakimbilia huko, wa Ntahondi upande huu, wa Bihemo upande ule. Ndugu wawili wakakutana juu ya tuta. Tangu kumzika baba yao hawakuwa wamesimama pamoja.

"Wewe uliyetoboa makarai," alisema Ntahondi, "ungeniacha nipike, leo tungekuwa na watu mia wa kuwalipa walijaze hili."

"Wewe uliyerudisha kapu," alisema Bihemo. "Ulikuwa na watu hao hao. Ulilijaza?"

"Nilifanya kazi!"

"Kwa maji ya nani?"

Walisema kweli wote wawili, na hilo ndilo baya. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilikuwa la kumpiga mwenzake. Waliokuwa nyuma yao wakaongeza ya kwao, ya kapu na ya bakuli, ya boma na ya ghala, ya nani alifukuza wapishi na nani alimlea Ruhuza. Majembe yalikuwa chini. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya majembe.

Sanze hakupanda tutani. Aliteremka kwenye chemchemi. Aliinama, akachota kwa kiganja cha kushoto, akaonja. Akatema, akachota tena, akaonja mara ya pili kama mtu asiyeuamini ulimi wake. Kisha akapanda polepole mpaka katikati ya kaka zake.

"Kaka zangu," akasema, "maji ni matamu."

Watu wa chumvi wanajua maana yake.

Hapo Ntahondi alivua koti. Bihemo alishika jembe. Wakachimba bega kwa bega, na watu wao wakachanganyika, na hata Ruhuza alibeba udongo siku ile, niliambiwa, akabeba kuliko wengi. Lakini udongo usio na mizizi ni uji. Walipouweka ulikaa, wakigeuka umeondoka. Mto haukuvunja tuta kwa kishindo. Uliingia taratibu, kama mgeni anayeijua nyumba.

Kulipopambazuka chemchemi na mto vilikuwa maji mamoja, safi, mpaka chini kwenye mwamba unaona. Watoto waliyanywa kwa furaha. Wanawake walijaza mitungi huku wanalia. Katika nchi nyingine maji yale yangeitwa baraka.

Ntahondi sasa anabeba mizigo ya watu huko kwenye reli. Bado anaamka kabla ya jogoo. Anasema nchi iliuawa na mdogo wake. Bihemo analima viazi kwenye kilima, na chochote akivuna anagawa, ila anachovuna hakigawanyiki. Anasema nchi iliuawa na kaka yake. Hawajasalimiana. Watu wa Nyamila nao wamegawanyika vivyo hivyo, hata misibani wanakaa pande mbili, na wajukuu wanarithi ubishi kama yanavyorithiwa mashamba kwingine.

Sanze alimzika mtoto wake mdogo kabla masika haijaisha. Mkubwa amebaki naye. Siku ya gulio anakwenda dukani na mahindi kwenye kapu, anayabadilisha na chumvi ya mfuko iliyotoka mbali, na mwenye duka anamshangaa jinsi anavyoishika, kwa vidole viwili, kama kitu cha mtu aliyekufa.

Haya, ninyi wa kapu na ninyi wa konzi mlioketi hapa: mnapogombania chemchemi ni ya nani, tuta analitazama nani?